Montemaggiore 1041: liwali wa Warumi alishindwaje na watu wachache vile?

Binti wa Kibokoni

Assalaam alaikum, wakubwa na wadogo.

Nina swali limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa. Nasomea ualimu wa historia, na kazi niliyojichagulia ni vita vya Mei 4, 1041 pale Montemaggiore, kusini mwa Italia, kando ya mto Ofanto. Upande mmoja ni jeshi la Konstantinopoli chini ya katepano, yaani liwali wao wa Italia, Michael Dokeianos. Vitabu vya chuo vyawaita Wabizanti. Nyumbani bibi yangu awaita Warumi, wale wale wa Herekali wa kwenye tenzi, nami nitawaita hivyo. Upande wa pili ni waasi: Wanormani waliotoka kaskazini ya Ufaransa kutafuta riziki kwa upanga, pamoja na Walombardi ambao ni wenyeji wa huko.

Kumbukumbu za mji wa Bari zasema Warumi walikuwa 18,000 na Wanormani 2,000, na walioshinda ni hao 2,000. Tena haikuwa mara ya kwanza. Machi 17 mwaka ule ule, kwenye mto Olivento karibu na Venosa, Dokeianos huyo huyo alikuwa keshapigwa.

Mwalimu wangu ataka sababu. Niliandika kwamba wapanda farasi wa Kinormani walikuwa hodari zaidi, karatasi ikarudi na mstari mwekundu. Nini hasa kilitokea? Na kwa nini waitwe waasi?

Fundi Saa, Makadara

Wa alaikum salaam, dada. Huo mstari mwekundu ni wa haki. Rudi nyuma hadi mwaka 1018. Pale pale Cannae, kwenye bonde lile lile la Ofanto, Wanormani walipigana na Warumi wakiwa upande wa Melus, mwasi wa Bari. Farasi walikuwa nao, mikuki walikuwa nayo, na wakavunjwa vibaya na katepano Basil Boioannes. Kama ni ubora wa farasi, ungefanya kazi na siku hiyo. Kwa hivyo tafuta kilichobadilika katika ile miaka 23. Mimi nimeishia hapo.

Serahangi Mstaafu

Mwanangu, marhaba. Nimesoma swali lako mara mbili, nikaamka kutafuta miwani.

Nimefanya kazi bandarini Kilindini miaka 31. Nilianza kuli, nikawa serahangi wa gengi ya watu 18. Mto Ofanto niliujua kabla sijausoma popote. Mwaka 1987 ilikuja meli ya ngano, na ofisa mmoja wa meli ile alikuwa mtu wa Barletta, mji ulio karibu kabisa na Cannae. Mvua ya masika ilitufungia kazi siku mbili, maana ngano haifai kulowa. Tukakaa chini ya turubai, akaninyang'anya chaki yangu ya kuwekea alama, akachora mto wao juu ya kifuniko cha ngama. Akasema kiangazi waweza kuuvuka umekunja suruali, na mvua zikinyesha huko milimani wageuka mnyama. Akapiga msalaba mmoja hapa, Hannibal, 216 kabla ya Kristo. Msalaba wa pili hapa, 1018. Wa tatu hapa, 1041. Misalaba mitatu mahali ambapo kiganja changu chaweza kufunika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kila kilichoandikwa juu ya msalaba wa tatu.

Sasa nikwambie ninavyouona. Usianze Mei 4. Anza Sisilia.

Mwaka 1038 mfalme wa Konstantinopoli alimtuma jemadari George Maniakes kuirudisha Sisilia kutoka kwa Waarabu. Maniakes alichukua kila aina ya watu: Warumi wa Anatolia (Uturuki ya leo), Wavarangi wenye mashoka, yaani askari wa kukodi kutoka kaskazini, wanamgambo wa Apulia, kusini mwa Italia, waliotolewa makwao kwa lazima, na Wanormani wa kukodi, mamia kadhaa. Kiongozi au mkalimani wa hao Wanormani alikuwa Mlombardi mmoja aitwaye Ardoin. Alijua Kigiriki. Alijua lugha ya wenyeji. Alikaa katikati.

Hapo katikati ndipo pa kupatazama. Anayekaa katikati ndiye huambiwa na wakubwa "waambie watu wako", na ndiye huambiwa na watu "tusemee".

Baada ya ushindi wa Troina, huko huko Sisilia, mwaka 1040 ukatokea ugomvi. Watu wa upande wa Kinormani wasimulia kwamba Ardoin alimteka farasi mzuri wa Mwarabu mmoja vitani, jemadari akamtaka, Ardoin akakataa. Akavuliwa nguo, akachapwa viboko kambini mbele ya watu. Lakini mwandishi wa Kigiriki, yaani wa upande wa Warumi, John Skylitzes, haleti habari za farasi. Asema askari hawakulipwa posho yao ya kila mwezi. Kiongozi wao akaenda kuomba watu wake watendewe wema, naye akatukanwa na kupigwa mjeledi.

Waandishi wengi wampenda yule farasi, na si ajabu, ni kisa kitamu. Mimi namwamini Skylitzes. Yeye ni Mgiriki, hana faida yoyote ya kuwasingizia watu wake aibu ya namna hiyo. Na mimi mwenyewe nimesimama mahali pa Ardoin.

Tulipakua mbolea ya magunia siku sita, usiku na mchana. Tuliahidiwa nyongeza ya usiku. Siku ya malipo bahasha zikaja bila nyongeza. Gengi yangu ikanitazama, sikuhitaji kuambiwa. Nikaenda ofisini kwa waliotukodi. Jina lao silitaji, na wenyewe hawapo tena. Nikasema kwa adabu: mabwana, watu wangu wana haki yao ya usiku. Yule msimamizi akasimama, akatoka nje hadi walipokuwa vijana wangu, akaning'oa kitambulisho cha geti kifuani, akakitupa chini. Kikaangukia kwenye vumbi la mbolea, ule unga mweupe. Nikainama kukiokota. Nilipoinua kichwa nikawaona watu 18 wamenyamaza. Ile nyongeza ilikuwa shilingi chache, nimeshaisahau. Kuinama kule sijakusahau.

Kesho yake hakuna aliyekuja kazini. Sikuwaambia wasije.

Kwa hivyo nisomapo kwamba Wanormani waliondoka Sisilia pamoja na Ardoin wakarudi bara, sihitaji kuelezwa kwa nini. Maniakes naye alirudishwa Konstantinopoli amefungwa, kwa kumtusi na kumpiga amiri wa majahazi, Stephen, ambaye alikuwa shemeji wa mfalme. Sisilia ikaanza kuponyoka. Na Apulia kwenyewe wanamgambo walikuwa wameshaasi mwaka huo wa 1040, kabla Mnormani yeyote hajainua mkuki. Ukiandika kazi yako, mwanangu, liweke hilo mbele: nyumba ilikuwa inawaka kabla mgeni hajafika na mafuta yake.

Nitaendelea baada ya Isha. Vidole vyangu vyaandika polepole.

Mpwani wa Tudor

Mzee wangu, shikamoo. Nasoma kwa heshima lakini hapa napinga. Askari wa kukodi ni askari wa kukodi. Hata hapa kwetu Mombasa tumeona: mwaka 1875 Akida Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, aliyekuwa mkuu wa Ngomeni chini ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alimgeukia bwana wake huyo huyo, mpaka manowari za Kiingereza zikaipiga ngome mizinga. Wapo watu ukiwapa ngome wataitaka na nchi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ardoin alitaka ukubwa, viboko vilikuwa kisingizio.

Halafu kuna jambo halinishiki. Wasema Warumi walimchapa. Mbona Warumi hao hao walimpa mji wa Melfi autawale? Nani humpiga mtu mjeledi kisha akamkabidhi funguo?

Binti wa Kibokoni

Kaka wa Tudor ameniwahi, na mimi nilitaka kuuliza hilo la Melfi.

Serahangi Mstaafu

Marhaba, mwanangu wa Tudor. Swali lako ni zuri kuliko jibu langu la kwanza, ngoja nilifungue.

Dokeianos alifika Italia mwishoni mwa 1040 akiwa liwali mpya. Alikuta nchi imeasi na hazina haina kitu. Waandishi wanaosema aliyemchapa Ardoin ni Maniakes wapata njia nyepesi: mkubwa aliyemdhulumu kaondoka, huyu ni mwingine. Amatus, mtawa wa Montecassino, asema Ardoin alikificha kinyongo chake, akatoa dhahabu kwa liwali, akapewa cheo. Anayesema ni Dokeianos mwenyewe aliyemchapa amebaki na fumbo, kama ulivyoona.

Lakini kwangu si fumbo kubwa. Mtu wa katikati ana thamani hata baada ya kumvunjia heshima. Wiki moja baada ya kitambulisho changu kutupwa chini, waliniita nyumbani, Majengo, kwa gari. Meli ilikuwa gatini, na hakuna aliyeweza kuzungumza na gengi ile isipokuwa mimi. Wakanirudishia kitambulisho, kimefutwa safi. Walidhani yameisha. Mwenye kupiga husahau upesi, na huamini aliyepigwa naye kasahau.

Melfi si mji mdogo wa kando, mwanangu. Uko mlimani, ni mlango wa Apulia, na Warumi wenyewe ndio walioujengea kuta. Ardoin alipokaa pale akaanza kuwaalika wakubwa wa mji kula kwake. Amatus asimulia kwamba alikuwa akiketi nao, akihuzunika kwa mateso wanayoyapata kwa Wagiriki, akiwaahidi kuwatetea. Kisha akatoka kimyakimya, akasema anakwenda kuhiji Roma, kumbe anakwenda Aversa kwa Rainulf, mkubwa wa Wanormani wa huko. Wakapatana: watu 300, viongozi 12, na chochote kitakachotekwa nusu ni ya Ardoin. Machi 1041 wakaingia Melfi usiku. Watu wa mji wakatoka na silaha, Ardoin akasimama mbele yao akawaambia kwamba hao ndio wakombozi aliowaahidi. Mji ukafunguliwa kwa maneno.

Kuhusu Akida wa Ngomeni: sikatai kwamba alitaka ukubwa. Na Ardoin pia aliutaka, nusu ya nchi si haba. Lakini tamaa ya mtu mmoja haifungui lango la mji. Lango lafunguliwa na walio ndani, na wa Melfi walikuwa wamechoka kutozwa na kupelekwa kupigana Sisilia.

Sasa mapambano yenyewe. Kabla ya pambano la kwanza Dokeianos alipeleka mjumbe: ondokeni kwa amani, au kesho tupigane. Mwandishi Malaterra ana kisa hapa. Mjumbe alikuja juu ya farasi mzuri sana. Mnormani mmoja, Hugh Tuboeuf, akamkaribia farasi, akawa ampapasa shingoni polepole kama anayemsifu, kisha akakunja ngumi akampiga kichwani mara moja. Farasi akaanguka. Mjumbe naye chini, hoi kwa woga. Wakamwinua, wakampa farasi mwingine aliye bora kuliko wa kwanza, wakamrudisha kwa bwana wake. Nakipenda kisa hiki kwa ajili ya yule farasi wa pili. Kila askari wa Kirumi aliyemwona mjumbe akirudi aliona kwamba hawa watu wana cha kugawa.

Olivento wakashinda. Dokeianos akarudi nyuma, na Mei 4 akasimama tena, karibu na Cannae.

Hapa mwanangu andika kwa makini. Namba za Bari, 18,000 kwa 2,000, zichukue kama sura, usizichukue kama hesabu. Nimehesabu magunia maisha yangu yote. Hesabu ya kweli huwa na mabaki, huja 1,763 au 2,041. Skylitzes asema kinyume kabisa: liwali hakuwakusanya watu wake wote. Mara ya kwanza alikwenda na kikosi cha Opsikion na sehemu ya kile cha Thrakesion, vikosi vya Anatolia, akapigwa. Badala ya kungoja mpaka jeshi zima lifike, akawachukua wale wale walioshindwa, akawaongeza watu wa Pisidia na Lykaonia, nao wa Anatolia, akaenda tena. Wale wale! Mtu ametoka kuona wenzake wakifa wiki saba zilizopita, wampanga mstari wa mbele, mbele ya mikuki ile ile.

Nimefikiri sana kwa nini aliharakisha. Nadhani kila siku aliyongoja mji mwingine ulikuwa ukigeuka. Waasi walikuwa wameshika Venosa, Ascoli na Lavello. Na huenda hakuwa na fedha za kuliweka jeshi kubwa mahali pamoja kwa muda mrefu, maana jeshi lililokaa hula. Hayo ni maoni yangu, yaandike kama maoni.

Wapanda farasi wa Kinormani wakaingia kwa kasi katikati ya mstari, mstari ukakatika, watu wakakimbilia mto. Wengi walizama Ofanto. Maaskofu wawili waliokuwa pamoja na jeshi, Angelus wa Troia na Stephen wa Acerenza, waliuawa siku hiyo. Wavarangi nao wengi wakabaki pale.

Juu ya mto nina la kusema, maana vitabu huupita kwa neno moja. Mtu mwenye nguo za vita hafi maji kwa sababu hajui kuogelea. Niliwahi kumwona kuli, mtu wa Funzi aliyezaliwa baharini, akianguka kati ya gati na ubavu wa meli akiwa na ndoano kiunoni na buti miguuni. Maji yalikuwa shwari kama ya kwenye karai. Alizama mbele ya macho yetu tukimshushia kamba, mikono yake ilikuwa juu, buti zilimvuta. Alitoka hai kwa sababu mtu mmoja alijitupa na kisu akazikata kamba za buti. Sasa fikiria maelfu, na nguo za ngozi na chuma, na farasi wanakanyagana mgongoni mwao, na aliye nyuma hajui kwamba aliye mbele keshazama.

Fundi Saa, Makadara

Mzee, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Umenijibu swali langu la 1018 bila kulitaja. Mwaka ule Basil Boioannes alikuwa na fedha na wanajeshi wapya kutoka Konstantinopoli, na baada ya ushindi aliwaajiri hata baadhi ya Wanormani walioshindwa, akawaweka walinde mipaka yake. Wanormani hawakubadilika. Mwajiri ndiye aliyebadilika.

Mpwani wa Tudor

Nimelegea, mzee. Sijakubali yote, ila hoja ya watu wa Melfi nimeipokea. Waandishi husema "Wanormani waliitwaa Melfi" kana kwamba mji haukuwa na watu.

Binti wa Kibokoni

Shukrani sana, nyote. Mzee wangu, nimeyanakili yote kwenye daftari kwa mkono. Kubwa lililobaki ni mwisho wake. Baada ya Montemaggiore Dokeianos alifanywa nini? Na Ardoin, aliipata ile nusu yake?

Serahangi Mstaafu

Dokeianos aliomba msaada, na jibu lililokuja likawa la kumhamisha. Akapelekwa Sisilia, na mahali pake akaletwa Exaugustus Boioannes, mtoto wa yule Basil wa 1018. Bila shaka Konstantinopoli walidhani jina la baba litatosha, maana askari aliokuja nao walikuwa wachache. Septemba 3, 1041, pale Montepeloso, mji uitwao Irsina siku hizi, yeye pia akapigwa. Siku hiyo William wa Hauteville, yule waliyempa lakabu ya Mkono wa Chuma, alikuwa mgonjwa wa homa ile irudiayo kila baada ya siku tatu, amekaa pembeni akitazama. Alipoona watu wake wanalegea akapanda farasi na homa yake akaingia vitani. Sisi watu wa pwani twaijua homa hiyo, mtu akitetemeka hata kikombe hashiki. Liwali akakamatwa hai.

Ardoin, mwanangu, uongozi haukumfikia hata siku moja. Baada ya ushindi wa kwanza waasi walimweka mbele Atenulf, ndugu wa mkuu wa Benevento, na liwali aliyekamatwa akapelekwa kwake. Warumi wakatoa fedha nyingi kumkomboa Boioannes. Atenulf akazipokea, akazitia mfukoni mwake, waliomkamata wasione kitu.

Wanormani wakamwacha. Wakaenda kwa Argyrus, mtoto wa Melus wa Bari, naye pia hakudumu, Warumi wakamrudisha kwao kwa vyeo. Septemba 1042 wakamchagua William kuwa mkubwa wao, na nchi ikagawanywa Melfi: William akapata Ascoli, ndugu yake Drogo akapata Venosa, Hugh Tuboeuf yule wa ngumi akapata Monopoli, na kila mmoja wa wale 12 akawa na mji wake. Melfi yenyewe hawakumpa mtu. Waliiacha iwe ya wote, kila mmoja akawa na mtaa wake na nyumba yake humo.